UZI: Kebo ya spidomita kwenye magari ya zamani – kulainisha, kubadilisha, na kwa nini mpya hukatika tena

MkonoWaSpana (Mbale)

Wakuu, nimeona tuwe na uzi mmoja wa jambo hili maana maswali yake yametawanyika kila mahali. Tangu 2018 gari lililotimiza miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa Uganda, kwa hiyo magari ya kebo yaliyopo nchini ndiyo hayo hayo tutakayoendelea kuyatunza: Corolla za zamani, Corona, Hiace, Hilux, Land Cruiser 70 za mwanzo, Land Rover. Kwanza hakikisha gari lako ni la kebo. Chungulia kwenye giaboksi. Ukiona hosi nyeusi ya unene wa penseli iliyofungwa kwa nati ya duara, hiyo ndiyo. Ukiona soketi yenye nyaya mbili tatu nyembamba, hiyo ni sensa ya umeme na habari yake ni nyingine.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ndani ya giaboksi kuna gia inayozungushwa na shafti ya kutoa mwendo. Gia hiyo inazungusha gia ndogo ya plastiki, na gia ndogo inazungusha waya wa ndani ya kebo. Juu kwenye dashibodi, waya huo unazungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe cha aluminiamu. Sumaku na kikombe havigusani. Sumaku ikizunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, nacho kinavutwa kuifuata, halafu springi laini inakirudisha nyuma. Mshale umekaa kwenye kikombe hicho. Hesabu ya kilomita haitumii sumaku, inaendeshwa moja kwa moja na meno kutoka kwenye shafti ile ile. Shika tofauti hiyo, ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa uko wapi.

Na hili nalisema mapema kwa sababu naona watu wakinunua kebo juu ya kebo: kebo nzuri haikatiki bure. Ikikatika, kuna kitu kimeizuia kuzunguka, ama mita ya juu (spidomita yenyewe) imekaza, ama kona ni kali mno, ama gia ya chini ina shida. Ukifunga mpya bila kutafuta kilichoizuia ile ya kwanza, na hiyo itakatika.

Kamunye_Ndeeba

Asante mkuu. Hiace ya dizeli, giaboksi ya mkono. Mshale unaruka ruka kati ya 20 na 50, ukivuka 60 unatulia kabisa. Kilomita zinahesabu vizuri. Fundi anataka tununue mita nzima. Ni kweli?

MkonoWaSpana (Mbale)

Ndugu yangu, usinunue mita bado. Hiyo ni dalili ya kebo kavu. Mwendo ukiwa mdogo, waya wa ndani unanata kwenye ganda, unajisokota bila upande wa juu kuzunguka, halafu unajiachia ghafla. Mshale unauona ule mruko. Mwendo ukiongezeka waya hauna tena nafasi ya kunata, ndiyo maana unatulia.

Dalili nyingine nizitaje hapa ili mtu asikisie. Mshale umekufa na kilomita zimekufa: waya umekatika, pembe za mraba kwenye ncha zimeliwa, au gia ya plastiki imeisha meno. Mshale umekufa lakini kilomita zinahesabu: kebo ni nzima, shida iko ndani ya mita. Mshale unafanya kazi lakini kilomita zimesimama: kebo ni nzima vilevile, ni gia za kuhesabia ndani ya mita. Mshale unapanda na kushuka kwa mpigo ule ule, mithili ya wimbi, kwenye mwendo wowote: waya umepinda mahali fulani. Mshale unasoma juu kuliko mwendo halisi, au unakimbilia mwisho na kugoma kurudi: mafuta yameingia kwenye kikombe, au sumaku imeanza kukigusa. Mlio mwembamba wa "kiii" asubuhi gari likiwa la baridi: bushi ya mita imekauka, mara nyingi pamoja na kebo.

Mama_Giaboksi (Jinja)

Nakubaliana na Mkono. Niongeze vipimo vya kufanya kabla ya kutoa hela.

Chomoa kebo nyuma ya mita. Ingiza kipande cha mraba kwenye tundu la mita, hata njiti ya mbao iliyochongwa vizuri inatosha, uzungushe kwa vidole. Inapaswa kuzunguka kwa wepesi na mshale utikisike kidogo. Ukisikia inakwama au inakwaruza, hiyo ndiyo iliyoua kebo yako, na dawa yake ianzie hapo.

Ukiwa na drili ya betri, pima mita nzima. Magari mengi ya Kijapani yamewekwa kwa mizunguko 637 ya kebo kwa kilomita moja, maana yake mizunguko 637 kwa dakika ndiyo 60 km/h. Drili iliyoandikwa mwisho 400 kwa gia ya kwanza itakupa karibu 38 kwenye mita. Anza kwa vidole kwanza ujue upande upi mshale unapanda. Ukizungusha kinyume, mshale unasukumwa kwenye pini ya sifuri na kilomita zinarudi nyuma.

Halafu pima chini. Kwa Hiace weka kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja la nyuma, weka stendi (jeki peke yake haitoshi), gia huru, hendibreki chini. Zungusha gurudumu kwa mkono huku mtu mwingine akitazama ncha ya waya kwenye dashibodi. Hapa wengi wanadanganyika: gurudumu moja likiwa chini, difu (gia zinazogawa mwendo kwa magurudumu mawili) inagawa, na shafti inapata nusu tu ya mizunguko. Kwa tairi za kawaida, gurudumu mara 10 ni waya kuzunguka mara 6 au 7 hivi. Usiseme gia inateleza kwa kuona hivyo. Lakini waya ukizunguka kidogo, ukasimama, ukazunguka tena wakati gurudumu linakwenda sawasawa, hayo ni meno ya gia ya plastiki au pembe za mraba.

Gari la kuvutwa mbele unainua gurudumu moja la mbele na hendibreki unaiacha juu. Hesabu ya nusu ni ile ile.

NjiaYaMurram (Arua)

Kwa upande wetu huku vumbi ndilo adui. Ganda la nje likipasuka hata ufa mdogo, vumbi jekundu linaingia, linachanganyika na grisi, linageuka msasa. Kwa hiyo kulainisha bila kuosha ni kusaga waya.

Namna ninayoipendekeza: chomoa upande wa juu, vuta waya wa ndani utoke. Kebo nyingine waya wake unatokea juu, nyingine chini, na zipo zilizobanwa ncha zote mbili ambazo waya hautoki kabisa. Usiulazimishe kwa plaisi. Waya ukitoka, ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pitisha vidole polepole huku ukitazama: uzi mmoja uliokatika utakuchoma kidole, na hapo waya huo haufai tena hata kama unazunguka. Kisha kunja waya uwe na umbo la U, shika ncha mbili, zungusha ncha moja polepole. Ncha ya pili ifuate sawasawa. Ikichelewa halafu ikaruka, waya umepinda na haunyooki tena kwa nyundo wala kwa moto. Badilisha.

Ganda la nje mimina mafuta ya taa ndani, litikise, lining'inize mpaka likauke, na kama kuna kompresa pulizia. Isipokuwa lile lenye mrija wa plastiki ndani: hilo lipulizie hewa tu, usiliingizie mafuta ya taa wala petroli, na grisi yake iwe kidogo sana.

Grisi: ya grafaiti ndiyo bora, au ya lithiamu iliyo laini. Kwa kebo ya mita moja na nusu hadi mbili, nusu kijiko cha chai inatosha. Paka kwa vidole iwe utando tu. Ukiona rangi ya grisi kabla ya kuona nyuzi za waya, umezidisha. Sentimita 20 za mwisho upande wa mita usipake, futa tu kwa kitambaa kilichokwisha shika grisi. Rudisha waya huku ukiuzungusha upande unaozungukia gari likienda mbele.

Kamunye_Ndeeba

Kuna fundi anasema kutoa waya ni kazi ya bure, fungua juu umwagie oili ya injini kwa sindano, itashuka yenyewe.

Mama_Giaboksi (Jinja)

Usifanye hivyo mwanangu. Waya wa kebo umesokotwa kwa mzunguko. Ukizunguka unapandisha mafuta kuelekea kwenye mita kama parafujo. Oili nyepesi haikai chini, inapanda, inaingia kwenye bushi, halafu kwenye kikombe. Ikishika pale kati ya sumaku na kikombe, kikombe kinavutwa zaidi ya kipimo, mshale unasoma 100 nawe uko 70. Mwishoni uso wa mita unapata doa la kahawia kuzunguka shina la mshale. Ukiona doa hilo, jua mtu alishamwaga oili. Oili ya dawa ya kutu ni vilevile, inalainisha siku chache, inaosha grisi iliyokuwepo, kisha inaacha waya mkavu kuliko mwanzo.

Mita yenyewe kama inalia, inahitaji tone moja la oili ya cherehani kwenye tundu dogo la bushi nyuma yake. Tone moja.

Na jambo ambalo mafundi wengi hawalitazami. Ukichomoa kebo juu ukakuta ina mafuta mengi mepesi wakati hukuwahi kuyaweka, yametoka kwenye giaboksi. Ni sili (raba ya kuzuia mafuta) ya gia ndogo imekufa. Yakiwa mekundu, mara nyingi gari ni la otomatiki na hiyo ni ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Ukibadilisha kebo ukaacha sili, kebo mpya itapandisha mafuta hayo hayo. Gia ndogo na nyumba yake zinatoka kwa boliti moja, kwa Toyota ni spana 10. Futa udongo wote pembeni kabla ya kufungua, maana kikianguka kitu humo hakitoki. Badilisha O-ringi ya nje na sili ya ndani kwa pamoja, paka oili ya giaboksi kwenye midomo yake, rudisha.

Rova_Gulu

Kwa wenye Land Rover: kebo inaanzia nyuma ya transifa (boksi la gia linalogawa mwendo mbele na nyuma), kwenye nyumba ya shafti ya nyuma, jirani na ngoma ya hendibreki. Kwa kuwa inachukua mwendo baada ya transifa, mita inasoma sawa hata ukiwa kwenye gia za chini. Kinachoua kebo hapo ni matope yaliyokauka, na ekzosi. Klipu zikipotea, kebo inalala juu ya bomba, ganda linayeyuka, waya unashikwa. Klipu zote zirudi mahali pake. Hicho ni kipande cha bati tu lakini ndicho kinachoamua umri wa kebo.

Njia ya kebo ina kanuni zake: kona yoyote isiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 15, na sentimita 5 za kwanza kutoka kwenye mita ziwe zimenyooka. Kwa kebo za mita za Smiths, waya wa ndani utokeze karibu milimita 10 nje ya ganda upande wa mita. Ukiwa mfupi, mraba unachomoka na kurudi, mshale unakufa na kufufuka. Ukiwa mrefu ni hatari zaidi: unasukuma shafti ya mita, sumaku inapanda na kugusa kikombe, na mita inaharibika ukiwa umeweka kebo mpya.

MkonoWaSpana (Mbale)

Rova kasema vizuri. Sasa kubadilisha kwa Toyota, nitafuata Corolla ya kuvutwa mbele kwa kuwa ndizo nyingi.

Chomoa nguzo hasi ya betri. Anza chini, usianze kwenye dashibodi. Nenda kwenye giaboksi, legeza nati kwa plaisi iliyofungwa kitambaa, halafu imalizie kwa mkono. Kebo ikishakuwa huru chini, unapata ulegevu wa kusukuma kuingia kabini, na mita itavutika nje bila kurarua nyaya. Wanaoanza juu ndio wanaovunja ulimi wa plastiki.

Ndani, toa skrubu mbili za fremu ya juu ya mita, kisha skrubu za mita yenyewe, mara nyingi nne. Vuta mita sentimita 5 hadi 8, pitisha mkono nyuma, bonyeza ulimi wa plastiki wa kebo huku ukivuta moja kwa moja. Plastiki ya umri huu ni kavu, usiipinde pembeni. Soketi za umeme nyuma ya mita zipige picha kabla hujazichomoa.

Kabla hujatoa kebo ukutani (bati linalotenganisha injini na kabini), funga uzi imara kwenye ncha yake ya juu. Utakapoivuta kutokea upande wa injini, uzi utabaki umepita njia ile ile, na kebo mpya utaivuta kwa uzi huo. Raba ya ukutani ihamishie kwenye kebo mpya, kama imepasuka weka nyingine. Bila raba, bati linakata ganda, na maji ya mvua yanafuata kebo mpaka miguuni kwa dereva.

Dukani, iwe Kisekka au Ndeeba kwenye vipuri vya Kampala, nenda na kebo ya zamani mkononi. Jina la gari halitoshi, Corolla moja inaweza kuwa na kebo tofauti kwa giaboksi ya mkono na ya otomatiki. Linganisha urefu wa ganda toka mwisho hadi mwisho, nati ya chini, ulimi wa juu, na unene wa mraba ncha zote mbili. Zungusha ncha moja ya kebo mpya ukiwa bado dukani. Ikikwaruza ikiwa mpya, iache hapo hapo. Na hata kebo mpya ikague grisi, nyingi zinakuja kavu.

Kufunga: kwenye giaboksi, zungusha waya kwa vidole mpaka usikie mraba umezama, ndipo uanze nati. Nati iende kwa mkono hadi mwisho. Ikikaza katikati, mraba haujaingia. Ukiilazimisha kwa plaisi, unasukuma waya wote juu kwenye mita. Ukifika mwisho kwa mkono, ongeza robo mzunguko tu. Kisha hakikisha kebo haigusi pedali ya klachi wala ya mafuta ukizikanyaga hadi chini.

Kabale_4x4

Kuhusu grisi, sikubaliani sana na kila grisi ya lithiamu. Ile nzito ya beringi za magurudumu, ukiipaka kwenye kebo huku kwetu, asubuhi ya baridi mshale unachelewa kupanda na gia ya plastiki inabeba mzigo usio wake. Gari likipata joto inapona, kwa hiyo mtu haoni kosa mpaka meno yaishe. Afadhali grafaiti peke yake, hata ya unga mkavu.

NjiaYaMurram (Arua)

Upo sawa kwa baridi ya Kabale. Ndiyo maana nilisema iliyo laini. Kwa joto la huku kwetu tatizo ni kinyume chake, iliyo nyepesi mno inatiririka yote ikakusanyika kwenye kona ya chini. Unga mkavu ni mzuri ila hauzuii kutu, na ganda lenye ufa likipata mvua waya unashika kutu haraka. Kama ganda ni zima, unga unafaa.

Corona_Busia

Habari za humu. Corona ya otomatiki, kebo imekatika, sasa na taa ya injini imewaka. Vinahusiana?

Mama_Giaboksi (Jinja)

Vinahusiana, ndugu. Kwenye Toyota nyingi za kipindi hicho, nyuma ya mita kuna swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa na sumaku inayozungushwa na kebo hiyo hiyo. Kompyuta ya injini inasoma mwendo kutoka hapo. Kebo ikikatika, kompyuta inaona injini inafanya kazi lakini gari halisogei. Soma kodi (namba ya hitilafu) kwa kuhesabu mimweko ya taa: ikiwa ni 42, hiyo ndiyo ya mwendo. Usinunue sensa yoyote kabla ya kufunga kebo. Baada ya kufunga, futa kodi hiyo kwa kutoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kompyuta wa kuingiza petroli) kwa muda.

Rova_Gulu

Kuna anayeuliza inbox kwa nini mita inasoma chini baada ya kubadilisha tairi. Hiyo siyo kebo. Tairi ya 175/70R13 ina kipenyo cha karibu milimita 575, na 185/70R14 karibu 615. Ni zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mita ikisema 60, wewe uko 64. Hayo hayo yanatokea ukiweka giaboksi ya gari jingine yenye gia ndogo ya meno tofauti. Dawa ni gia ndogo yenye idadi sahihi ya meno: tairi kubwa zaidi inataka mizunguko zaidi ya kebo kwa kila mzunguko wa gurudumu, maana yake gia yenye meno machache zaidi.

Kuhakiki, tumia GPS ya simu kwenye barabara tambarare na iliyonyooka, Mbale–Soroti inafaa sana. Shika mwendo mmoja kwa dakika nzima na abiria ndiye asome simu. Mita kusoma juu kidogo ni kawaida. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaruhusu izidi kwa asilimia 10 na km 4 juu yake, kwa hiyo kwenye 80 halisi inaweza kuonyesha hadi 92. Kusoma chini ya mwendo halisi hairuhusu kabisa.

Kamunye_Ndeeba

Wakuu, waya umetoka. Nyuzi zote nzima, jaribio la U linapita. Ila kuna sehemu ya urefu wa kiganja, karibu sentimita 40 kutoka juu, inang'aa kabisa upande wote, kwingine ni nyeusi. Grisi imegeuka unga mwekundu.

MkonoWaSpana (Mbale)

Safi sana. Panapong'aa ndipo kona kali ilipo. Pima sentimita 40 hizo juu ya ganda la nje likiwa bado kwenye gari, utaona mahali. Kwa Hiace tazama pale kebo inapopinda kushuka sakafuni: mara nyingi klipu imetoka au mtu aliikaza kwa waya alipokuwa akitengeneza kitu kingine. Ilegeze kona ifike sentimita 15. Kagua ganda hapo kwa ndani ya mkunjo, bonyeza kwa kidole: likiwa laini au limepasuka, nunua kebo nzima, hapana waya peke yake. Likiwa gumu na zima, osha, paka, rudisha. Kabla ya kurudisha, zungusha tundu la mita kwa vidole kama Mama alivyoeleza. Unga mwekundu ukiukuta na pale kwenye tundu, utoe kwa kitambaa kikavu, usipulizie hewa kuelekea ndani ya mita.